Jinsi ya kupima mchango wa manesi kwenye huduma ya afya ya msingi: mwongozo kwa anayeanza

Haya maswali yananijia kila mara na karibu yote yanafanana. Nimepewa kazi ya kutathmini manesi kituoni, naanzia wapi? Nitumie viashiria gani? Mbona rejista inaonyesha daktari ndo kafanya kila kitu? Hilo la mwisho ndo limenifanya nikae niandike, maana mtu akishajiuliza hivyo ujue ameshagusa penyewe.

Rejista imetengenezwa ihesabu wagonjwa, haikutengenezwa ihesabu kazi. Mgonjwa anaandikwa mstari mmoja tu: jina, umri, ugonjwa, dawa, basi. Nesi aliyemuona mama amekaa mwisho wa foleni na mtoto analegea mgongoni, akamvuta mbele, akapima joto, akaanza kumpa maji ya chumvichumvi huku anamwita daktari, huyo hayupo popote kwenye huo mstari. Mimi mara ya kwanza nilichukua rejista za miezi mitatu, nikapiga hesabu vizuri kabisa, nikatengeneza na grafu, nikaenda kuwasilisha kwamba mchango wa manesi ni mdogo. Nesi mmoja mtu mzima akanisikiliza mpaka mwisho alafu akaniuliza, "Hiyo siku unayosema niliona wagonjwa wanne, mwanangu, wale wengine wote presha alipima nani?" Sikuwa na jibu. Yote nitakayoandika hapa chini yametokana na lile swali.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kibali cha maandishi, cha uongozi wa kituo na cha kamati ya maadili kama matokeo yatatoka nje ya kituo. Usianze kwa kibali cha mdomo, anayekupa leo akihamishwa kesho umekwama.
- Ratiba za zamu za kipindi unachotaka kupima. Hizi zinatupwa haraka sana, kwa hiyo ziombe siku ya kwanza, zipige picha.
- Rejista zote, sio ile ya wagonjwa wa nje peke yake. Kuna ya chanjo, ya wajawazito, ya uzazi wa mpango, ya watoto, ya rufaa, ya kutembelea majumbani, na mara nyingi kuna daftari la makabidhiano ya zamu ambalo hakuna anayelitaja mpaka uliulizie. Hilo daftari ni dhahabu.
- Miongozo ya matibabu inayotumika hapo kituoni, ili upime kazi kwa kipimo ambacho manesi wenyewe wanakijua.
- Saa yenye mshale wa sekunde, daftari, kalamu mbili, na jedwali kwenye kompyuta. Programu za kifahari hazihitajiki.
- Mtu mmoja wa kukusaidia ambaye ni nesi lakini hafanyi kazi hapo. Kama wewe sio nesi hili usiliruke, kuna vitu utavitazama kwa macho na hutaviona.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

"Kutathmini mchango wa manesi" bado ni kichwa cha habari, sio swali. Chagua: unataka kujua manesi wanafanya nini, au wanafanya kwa ubora gani, au uwepo wao unabadilisha nini kwa wagonjwa? Ni maswali matatu tofauti na kila moja lina njia yake. La kwanza linahitaji kukaa na kuangalia, la pili linahitaji miongozo na kadi za wagonjwa, la tatu linahitaji kulinganisha na ndo gumu kuliko yote. Ukiwa na wiki mbili tu, fanya la kwanza na kipande cha la pili, la tatu liache.

Hapo hapo amua nesi ni nani. Muuguzi peke yake? Na mkunga je? Na msaidizi asiye na cheti ambaye kila siku anafanya kazi za kiuguzi? Amua, andika, usibadilishe katikati.

Hatua ya 2: Orodhesha kazi kutoka chini, sio kutoka kwenye karatasi ya ajira

Karatasi ya ajira inakuambia kazi inavyotakiwa iwe. Wewe kaa siku nzima kituoni, fika kabla ya milango kufunguliwa, na andika kila kitu unachoona nesi anafanya hata kama kinaonekana cha kijinga: kutafuta kadi iliyopotea, kumpigia simu mama ambaye hajarudisha mtoto kwenye chanjo, kuosha vifaa, kuhesabu dawa, kumtuliza mzee aliyegombana na mtu wa mapokezi. Kama kituo kina zamu ya usiku nenda na usiku. Kama wanatoka kwenda vijijini au mitaani siku fulani, panda nao.

Utajikuta na orodha ya vitu 40 au 50. Sasa vipange kwenye mafungu. Mimi natumia mambo manne aliyoyaeleza Barbara Starfield, daktari wa Marekani aliyechambua sana huduma ya msingi: mgonjwa anapofikia mara ya kwanza, mwendelezo wa kumfuatilia mtu yule yule, upana wa huduma, na uratibu kati ya wahudumu. Ukipanga hivyo unashangaa fungu la mwendelezo na la uratibu linavyojaa kazi za nesi, na karibu zote hazina mahali pa kuandikwa.

Hatua ya 3: Chagua viashiria vichache

Nane vinatosha, kumi mwisho. Kanuni ya kuvipanga ni ya zamani, Avedis Donabedian aliiandika mwaka 1966 na mpaka leo watu wanaitumia: muundo, mchakato, matokeo. Muundo ni kilichopo (manesi wangapi kwa zamu, mashine ya presha inafanya kazi au la). Mchakato ni kinachofanyika (mtoto mwenye kikohozi alihesabiwa pumzi?). Matokeo ni kilichobadilika kwa mgonjwa (presha ya Bibi imeshuka chini ya 140/90?).

Wanaoanza wanakimbilia matokeo kwa sababu yanavutia kwenye ripoti. Matokeo yanachelewa na yanaguswa na watu wengi. Kazi ya nesi inaonekana zaidi kwenye mchakato, kwa hiyo viashiria vyako vitano kati ya nane vitoke hapo.

Mfano mmoja mzuri ni watoto wanaoanza chanjo na hawamalizi. Chukua watoto waliopata dozi ya kwanza ya pentavalenti (chanjo moja ya magonjwa matano), angalia wangapi walifika ya tatu. Kama walianza 120 na waliomaliza ni 96, waliopotea ni 24, gawa kwa 120 zidisha kwa 100, unapata asilimia 20. Kwa kawaida ikizidi 10 watu wa chanjo wanaanza kuuliza maswali. Kwa nini nakipenda hiki? Kwa sababu kumrudisha mtoto wa dozi ya pili na ya tatu ni kazi ya nesi mno, ni yeye anayemwambia mama tarehe, ni yeye anayemuonya kwamba homa ya usiku huo ni ya kawaida asije akaogopa akaacha, na ni yeye anayegundua hajaja.

Hatua ya 4: Chimba rejista, lakini kwa jicho la mpelelezi

Usinakili jumla ya mwezi. Jumla imeshapikwa. Chukua kadi au mistari moja moja, kwa mfano kila mstari wa kumi, mpaka zifike 30 au zaidi kwa kila huduma. Kwa kila mstari uliza: nani aliandika, nani alihudumia, ni mtu mmoja au wawili? Hapo ndo ratiba ya zamu inakusaidia, unaweka ratiba pembeni, unaangalia mwandiko na sahihi, unajua siku ile alikuwepo nani. Mara nyingi utakuta ukurasa mzima una jina la daktari ambaye kwenye ratiba alikuwa semina.

Alafu kagua kama namba zenyewe ni za kweli. Angalia presha. Mashine ya kupampu kwa mkono ina mistari ya mbili mbili, kwa hiyo tarakimu ya mwisho inaweza kuwa 0, 2, 4, 6 au 8, na sifuri ingetokea kama mara moja katika kila tano. Ukikuta ukurasa mzima ni 120/80, 130/80, 110/70, 120/80, kaa ukijua kuna mtu anakadiria au anaandika bila kupima. Joto nalo hivyo hivyo, wagonjwa 20 wote 36.5 haiwezekani.

ANGALIZO: ukigundua hivi usikimbilie kuandika "manesi wanadanganya". Kwanza kaangalie mashine. Nilishakuta kituo chenye mashine moja ya presha kwa vyumba vitatu na kifuko chake kinavuja, sasa hapo tatizo ni la muundo, na ripoti inayomlaumu nesi ingekuwa uonevu.

Hatua ya 5: Kaa uangalie

Hii ndo roho ya kazi nzima, ukiikata tathmini yako inarudi kuwa ile yangu ya kwanza.

Njia rahisi: kila baada ya dakika 10 inua macho, andika nesi unayemfuata anafanya nini wakati huo huo, kwa kodi fupi, yaani herufi moja inayosimama badala ya kazi. Mimi naweka H kwa kuhudumia mgonjwa, E kwa kuelimisha, R kwa kuandika rejista, V kwa vifaa na dawa, W kwa kuwasiliana na wenzake, S kwa kusubiri au kupumzika. Saa sita zinakupa alama 36. Kama R ni 9, robo ya muda wake imeliwa na makaratasi. Siku moja haitoshi kusema kitu, fanya angalau siku tano zilizochanganyika, zisiwe za kliniki ya wajawazito peke yake, utapata alama 180 na hapo unaweza kuongea.

Pembeni ya hizo kodi, fuata wagonjwa wachache kuanzia wanapoingia mpaka wanapotoka, na uwe na orodha ya kuhakiki iliyotoka kwenye mwongozo. Kwa mtoto mwenye kikohozi, kwa mfano, mwongozo wa magonjwa ya watoto wa Shirika la Afya Duniani unataka pumzi zihesabiwe dakika nzima mtoto akiwa ametulia, na pumzi ni za haraka zikifika 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa miezi 12 hadi 59. Sasa kaa pale uone. Nesi mmoja niliyemfuata alimwomba mama amnyonyeshe kwanza mtoto aache kulia, akasubiri, akafunua shati, akaweka saa karibu na kifua cha mtoto na macho yake yakawa hapo hapo dakika nzima, mtu akamwita mlangoni akainua mkono tu bila kugeuka. Pumzi 54. Kwenye rejista imeandikwa neno moja, "nimonia", na sahihi ya mtu mwingine. Dakika kama hiyo iandike yote kwenye daftari lako, ndo itakayofanya ripoti yako isomwe.

MAKOSA YA KAWAIDA HAPA:

Siku ya kwanza kila mtu anafanya vizuri kwa sababu upo. Data za siku ya kwanza zitupe, au zitumie kujifunza kodi zako tu.

Usishike simu. Watu wanadhani unawarekodi.

Usisaidie. Najua inauma kuona foleni na wewe umekaa na kalamu, lakini ukianza kubeba kadi umeshabadilisha unachopima. Isipokuwa kuna hatari kwa mgonjwa, hapo weka kalamu chini usaidie, tathmini itasubiri.

Hatua ya 6: Ongea na watu, na uliza vizuri

Mgonjwa akitoka usimuulize "umeridhika na huduma?" Atasema ndiyo, karibu wote wanasema ndiyo, hasa kama wamekaa mita mbili na mlango. Muulize vitu vinavyopimika: dawa hii unakunywaje? umeambiwa urudi lini? umeambiwa dalili gani ukiiona urudi haraka? nani alikueleza? Hilo la nne ndo linalokupa mchango wa nesi, na mtu hana sababu ya kukupamba. Linganisha majibu yake na kilichoandikwa kwenye kadi. Watu 30 wanatosha kuanza kuona sura.

Manesi waulize mmoja mmoja, mfawidhi asiwepo chumbani. Maswali yangu mawili yasiyokosa: "kitu gani unafanya kila siku ambacho hakiandikwi popote?" na "ukiwa likizo, kitu gani hakifanyiki?" Kaa kimya baada ya kuuliza, jibu la kweli linakuja baada ya lile la kwanza la heshima. Na madaktari nao waulize hilo la likizo, majibu yao huwa mazuri kuliko unavyodhani.

Hatua ya 7: Linganisha bila kujidanganya

Sasa unataka kusema uwepo wa nesi umebadilisha kitu. Taratibu. Tangazo la Alma-Ata la mwaka 1978, lile lililoipa dunia msamiati wa huduma ya afya ya msingi, linawataja madaktari, manesi, wakunga, wasaidizi na wahudumu wa jamii wakifanya kazi kama timu. Kwa hiyo kumpa mtu mmoja sifa yote ya matokeo haiwezekani, na haina haja. Sema mchango, usiseme "kwa sababu ya".

Njia zinazowezekana kituoni: kabla na baada (nesi wa kliniki ya presha alianza mwezi fulani, wagonjwa wanaorudi tarehe waliyopangiwa wameongezeka?), au akiwepo na asipokuwepo (ile likizo tena), au kituo na kituo. Kila moja ina mtego. Kabla na baada, angalia kama dawa zilikuwepo vipindi vyote viwili, maana dawa zikiisha wagonjwa hawarudi hata nesi awe malaika. Kituo na kituo, angalia kama wagonjwa wanafanana, kituo kinachopokea wagonjwa mahututi zaidi kitaonekana kibaya bila kosa.

Kuna mtu ataleta hoja kwamba nesi anachukua muda mrefu kwa mgonjwa mmoja kuliko daktari, kwa hiyo hana ufanisi. Mwaka 2018 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, walichapisha mapitio ya majaribio 18 yaliyolinganisha manesi na madaktari kwenye huduma ya msingi, mengi ya nchi tajiri lakini somo linafaa: kwa hali nyingi za wagonjwa matokeo yalielekea kuwa sawa au bora kidogo kwa manesi, wagonjwa waliridhika zaidi, na ndiyo, muda wa kuonana ulikuwa mrefu zaidi. Kwa hiyo dakika za ziada usiziweke upande wa hasara kabla hujaangalia zimefanya nini.

Na tafadhali, namba ndogo usizigeuze asilimia. Wagonjwa wanne kati ya watano ni "wanne kati ya watano", ukiandika asilimia 80 mtu atadhani umehoji kijiji.

Hatua ya 8: Rudisha matokeo kwa manesi kwanza

Kabla ripoti haijaenda juu, kaa nao saa moja, waonyeshe. Watakusahihisha vitu ambavyo usingevijua maisha yako yote (mimi walinieleza kwamba siku za Jumatatu rejista inajazwa jioni kwa kumbukumbu, kwa hiyo saa zote za Jumatatu hazina maana). Ripoti yenyewe kurasa tano hadi nane: swali, ulivyofanya, ulichokuta, visa viwili vitatu vya karibu, na kinachotakiwa kubadilika. Majina ya manesi yasiwemo, tumia namba, na kwenye kituo kidogo hata namba hazifichi, kwa hiyo changanya.

Ukikwama

*Rejista za miezi fulani hazipo.* Usijaze kwa makadirio. Badilisha kipindi, au tumia kadi wanazobaki nazo wagonjwa, za wajawazito na za watoto mara nyingi zipo nyumbani na zimejaa.

*Hesabu ya waliopotea kwenye chanjo imetoka hasi.* Inatokea sana, waliopata dozi ya tatu ni wengi kuliko wa kwanza. Ama kuna watoto wameanzia kwingine, ama dozi za kwanza hazikuandikwa, ama umehesabu dozi za mwezi mmoja badala ya kuwafuata watoto wale wale. Rudi ufuate mtoto mmoja mmoja kwa jina.

*Manesi wananyamaza nikifika.* Wameambiwa umekuja kupunguza watu. Omba dakika tano kwenye makabidhiano ya asubuhi, uwaambie wazi unapima nini na nani ataona, na wapitishie daftari lako waone kodi zako. Kama kweli ripoti itatumika kupunguza watu na wewe unajua, waambie. Ukificha utagundulika na hutapata data tena.

*Kuna nesi mmoja tu kituo kizima.* Basi hupimi manesi, unampima mtu, na yeye anajua. Geuza swali liwe la kazi: kazi zipi zinafanyika, zipi zinakosa mtu, zingehitaji saa ngapi. Kwa hesabu ya watu wanaohitajika, Shirika la Afya Duniani lina zana inaitwa WISN inayokokotoa kutoka kwenye mzigo wa kazi, hiyo itakufaa kuliko dodoso.

*Wawili tumeangalia kitu kile kile na kodi zetu hazifanani.* Mara nyingi ni H na E, maana nesi anaelimisha huku anachoma sindano. Kubalianeni kanuni moja (mimi nasema mkono ukiwa kwa mgonjwa ni H, hata akiongea), rudieni nusu siku pamoja, na kama bado katika alama 36 mnatofautiana zaidi ya nne au tano, kodi zenu zina utata, zipunguzeni.

*Mkubwa anataka orodha ya nani bora na nani mbovu.* Mwonyeshe kibali, kimeandikwa nini. Ndo maana nilisema kiwe cha maandishi.